Tamko la Wakulima na Wafugaji Wadogo wa Kware kuhusu Dawa za Kuua Sangari

Sisi wanachama wa chama cha wakulima na wafugaji wadogo wa Kware, wenye bustani, mazizi na ploti katika eneo hili la Kitengela, Kaunti ya Kajiado, tunatoa tamko hili kwa majirani zetu, wauzaji wa pembejeo, vibarua wa kupuliza dawa, serikali ya kaunti na kila anayemiliki kipande cha ardhi kati yetu, awe anakaa hapa au anakuja Jumapili kukitazama.

Tunasema hivi: sangari haiuawi kwenye jani. Huuawa chini ya udongo, na dawa haifiki huko ila ibebwe na nyasi yenyewe ikiwa hai, mbichi na inayokua kwa nguvu. Lolote linalokatiza safari hiyo, liwe dozi iliyozidishwa, dawa ya kubabua, maji ya tope, kiangazi au panga la mtu asiye na subira, huacha sumu juu ya ardhi na sangari chini yake. Kwa hiyo tunataka upulizaji wa kiholela ukome hapa Kware. Utakaobaki uwe mchache, ufanywe kwa wakati wake, na uwajali wenye mifugo.

Nyasi tunayoizungumzia wataalamu wa mimea huiita Digitaria abyssinica. Vitabu vya zamani viliiandika Digitaria scalarum. Majirani zetu Wakikuyu wanaijua kama thangari, na Waganda kama lumbugu. Ni nyasi ya Afrika hii hii. Nchini Marekani imo katika orodha ya serikali ya magugu hatari, ilhali kwetu ng'ombe huila akatoa maziwa. Yote mawili ni kweli, na ushauri wowote unaosahau moja kati ya hayo hautufai, kwa sababu hapa mwenye kitunguu na mwenye ng'ombe wametenganishwa na nyaya tatu za uzio.

Chimbua kitako kimoja cha sangari uone. Chini ya majani kuna mashina membamba, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, yanayotambaa kila upande. Watu huyaita mizizi, lakini ni mashina kamili. Wataalamu huyaita rizomu. Kila baada ya sentimita chache pana fundo, kila fundo lina jicho, na kila jicho linaweza kuwa nyasi mpya. Mengi ya mashina hayo yamo katika sentimita 30 za juu, ingawa mengine hushuka zaidi. Ndani yake nyasi imejiwekea wanga na sukari za kuivusha kiangazi. Hilo ndilo ghala lake, na ndilo shabaha yetu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kila mkulima wa hapa anapaswa kulielewa, kwa sababu ndilo linaloeleza hasara nyingi tulizoziona. Ncha ya shina inapokua huyazuia macho yaliyo nyuma yake yasichipue. Shina likiwa zima, macho mengi yamelala. Ukilikata kwa jembe vipande kumi, umeondoa kizuizi hicho, na vipande vyote kumi vinaweza kuchipua. Ndiyo maana mtu hulima shamba lake Machi likaonekana safi, na mvua ya masika ikipiga sangari inarudi ikiwa nene kuliko mwanzo. Plau ya diski hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi kubwa, tena hubeba vipande vilivyonasa kwenye vyuma hadi shamba linalofuata. Trekta ya kukodi inayotoka kwenye sangari na kuingia kwa jirani bila kusafishwa inapanda sangari kwa jirani.

Kitengela ina njia yake nyingine ya kueneza gugu hili, nayo haisemwi vya kutosha. Nyumba haijengwi juu ya udongo mweusi wa pamba, kwa sababu udongo huu hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Fundi hulazimika kuuchimba wote na kujaza murramu. Udongo uliochimbwa hupakiwa kwenye lori ukamwagwa kwenye ploti tupu, au ukauziwa mtu anayetaka kuinua bustani yake. Ukitoka mahali penye sangari, unakuja na macho yake. Tunawaomba wenye mijengo na madereva wa malori wasimwage udongo wa aina hiyo kwenye bustani ya mtu bila kumwambia ulikotoka, na tunawaomba wanaoupokea wauchambue kabla ya kuusambaza.

Si kila nyasi inayotambaa ni sangari. Ukoka, ambao wataalamu huuita Cynodon dactylon, una mashina ya juu ya ardhi na ya chini pia. Nyasi ya Kikuyu, iliyo maarufu kwa viwanja vya mbele ya nyumba, nayo ina yote mawili. Lakini nyasi ya nyota, Cynodon nlemfuensis, hutambaa juu ya ardhi tu. Haina rizomu, ni malisho mazuri, na jembe linaweza kuiondoa inapoota pasipotakiwa. Kuipuliza ni kupoteza pesa na kumnyima ng'ombe chakula. Ndago nayo si nyasi kamwe, hata kama majani yake yanafanana na ya nyasi: ukiikata shina utaliona lina pembe tatu, na chini ina vijinundu. Dawa za kuua nyasi pekee haziigusi ndago. Kibarua asiyezijua tofauti hizi asipewe pampu.

Sasa tuseme kuhusu dawa zenyewe.

Ile inayotumika zaidi ni glaifoseti. Uwezo wake wa kuua magugu uligunduliwa na mwanakemia John Franz wa kampuni ya Monsanto mwaka 1970, ikaanza kuuzwa mwaka 1974, na leo inauzwa kwa majina mengi. Kabla yake, katika miaka ya 1950 na 1960, mashamba makubwa ya kahawa ya Afrika Mashariki yalipambana na sangari kwa dawa iliyoitwa dalaponi na kwa majeshi ya vibarua wenye majembe ya uma. Glaifoseti ilishinda kwa sababu husafiri. Ikiingia kwenye jani, hujiunga na sukari ambayo jani limetengeneza, ikashuka nayo hadi kule sukari inakohitajika: kwenye ncha za mizizi, kwenye ncha za rizomu na kwenye macho yanayoamka. Ikifika huko, huziba kimeng'enya kimoja ambacho mmea hukihitaji kutengeneza aina tatu za asidi amino. Bila hizo mmea haujengi protini, na ukuaji unasimama. Majani huanza kuwa ya manjano baada ya siku 7 hadi 10, na nyasi ya kudumu huchukua wiki tatu au nne kufa kabisa, tena zaidi wakati wa baridi ya Julai.

Kuchelewa huko ndiko kunakowatia watu hasira, na hapo ndipo makosa yanapoingia. Mwenye ploti amelipa leo, anataka kuona leo. Siku ya tatu nyasi bado ni kijani, anampigia kibarua simu, na kibarua anarudi na dozi mara mbili, au anachanganya na parakwati ili kesho yake majani yawe kahawia na mwenye pesa aridhike. Parakwati ni dawa ya kugusa. Hubabua jani lililopata matone, kwa msaada wa mwanga wa jua, na haisafiri hadi kwenye rizomu. Jani likishababuka halitengenezi sukari tena, na pasipo sukari inayoshuka glaifoseti haina wa kuibeba. Aliyechanganya dawa hizo mbili amelipia mbili, na ya pili imeizuia ya kwanza kufanya kazi. Dozi iliyozidi sana ya glaifoseti nayo hudhuru jani mapema kabla dawa haijashuka. Baada ya mwezi, macho chini ya udongo yanachipua, na lawama inaangukia dawa.

Parakwati ina ubaya mwingine usiohusu sangari. Mkupuo mmoja mdogo wa dawa isiyochanganywa unaweza kumuua mtu mzima, na haina kiuasumu. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007. Sisi tumekubaliana kwamba hakuna mwanachama atakayeiweka nyumbani kwa ajili ya sangari, kwa kuwa kwa kazi hiyo haifai hata ingekuwa salama kama maji.

Zipo pia dawa za kuchagua, zinazoua nyasi na kuacha mazao ya majani mapana; fluazifopu na kletodimu ni mifano. Hizo huzuia utengenezaji wa mafuta kwenye sehemu zinazokua, na mimea kama maharagwe, nyanya na hata kitunguu huzistahimili. Zinamsaidia mwenye zao lililoota tayari katikati ya sangari. Lakini hazishuki kwenye rizomu kwa nguvu ya glaifoseti, hivyo huhitaji kurudiwa nyasi ikichipua, na zitaua mahindi na nepia sawa na sangari. Kama zao lako halikutajwa kwenye lebo, usijaribu.

Kuhusu wakati. Kwa glaifoseti, mwelekeo wa sukari ndio unaoamua. Nyasi inapochipua tu, ikiwa na jani moja au mawili, chakula hupanda kutoka rizomu kwenda juu. Ukipuliza wakati huo unachoma ncha tu. Ikishafika majani manne hadi sita, urefu wa sentimita 15 hadi 30 hivi, jani linaanza kurudisha chakula chini, na dawa inashuka nacho. Kwa mvua zetu, nafasi bora mara nyingi ni mwishoni mwa masika, Mei, nyasi ingali mbichi na ikijiwekea akiba ya kiangazi. Nyingine ni Desemba, mvua za vuli zikielekea ukingoni. Januari hadi Machi mapema, udongo ukiwa umepasuka na majani yamekunjamana, usipulize. Nyasi yenye kiu haibebi kitu. Wala usiikate wala usiilishie kwanza: anayefyeka ili "dawa iingie vizuri" ameondoa majani ambayo yangeipokea.

Na kwa sababu macho yaliyolala hayavuti sukari, mengine yatabaki salama hata ukifanya yote vizuri. Hilo lisikushtue. Ngoja yachipue, yafike majani manne au sita, kisha puliza yale tu yaliyochipua. Mwenye uwezo anaweza kulima mapema ili kuyakata mashina vipande na kuyaamsha macho mengi kwa pamoja, akasubiri nyasi irudi kwa urefu unaofaa, ndipo apulize mara moja. Hapo jembe linalolaumiwa na wengi linageuka msaada, mradi mtu awe na subira ya kungoja. Baada ya kupuliza, usilime wala kuchimba kabla ya wiki mbili. Tatu ni bora.

Kuhusu maji, hapa tunaomba usikivu wa pekee, kwa sababu ni shida ya kwetu hasa. Maji mengi ya visima virefu vya Kitengela na Athi River ni magumu. Yana madini, na mengine yana chumvi ya kuonja kwa ulimi. Kalsiamu na magnesiamu hushikamana na glaifoseti ndani ya pampu, na iliyoshikwa hivyo haiingii vizuri kwenye jani. Maji ya bwawa yenye tope ni mabaya zaidi: glaifoseti hunata sana kwenye udongo wa mfinyanzi, na udongo wetu mweusi ni mfinyanzi mtupu. Sifa hiyo ndiyo inayofanya dawa iliyoanguka chini isiue mbegu unazopanda baadaye, na ndiyo inayoifanya iwe bure ndani ya ndoo ya maji machafu. Vumbi linalofunika majani kando ya barabara za murramu na machimbo ya mawe hufanya kazi ile ile. Puliza baada ya mvua kuosha majani, si baada ya wiki ya malori.

Kwa hiyo tumia maji ya mvua yaliyovunwa mabatini. Mtungi mmoja wa lita 20 ukiwekwa kando kwa kazi hii unatosha. Kama huna ila ya kisima, yeyusha kwanza mbolea ya amonia salfeti, gramu 200 hadi 400 kwa pampu ya lita 20, uchuje, kisha ndipo uongeze dawa. Salfeti huyashika madini kabla hayajaishika glaifoseti.

Kiasi nacho kina hesabu yake, na tumeifanya ili mtu asidanganywe. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita za mraba zipatazo 465. Glaifoseti ya gramu 360 kwa lita hutumika dhidi ya nyasi za kudumu kwa kiasi cha lita nne hivi kwa hekta. Kwa ploti hiyo ni mililita 186. Yaani pampu moja ya lita 20, yenye mililita zisizozidi 200 za dawa, inatosha ploti nzima iliyofunikwa na sangari kutoka uzio hadi uzio, mradi anayepuliza atembee kwa mwendo mmoja na pua ya pampu iwe nzima. Anayekuambia ploti moja inataka pampu nne anakuuzia pampu tatu za bure, na majani yanayotiririka dawa ni ishara kwamba imemwagwa, haijapulizwa. Lebo ya chupa ikitaja kiasi kingine kwa nguvu nyingine ya dawa, lebo ndiyo ifuatwe.

Puliza asubuhi umande ukishapungua, kabla upepo wa tambarare hii haujaamka. Saa saba mchana hapa kwetu upepo unaweza kuipeleka dawa hadi kwenye sukuma wiki ya nyumba ya tatu. Mvua isinyeshe kwa saa sita hivi. Penye bustani iliyobanana, acha pampu kabisa: funga sponji kwenye kijiti, vaa glavu, upake dawa jani kwa jani. Ni kazi ya polepole, na jirani hatapoteza mche hata mmoja.

Sasa tunafika kwenye jambo lililotukutanisha.

Ardhi hii ilikuwa ya malisho kabla haijawa ya ploti. Ranchi ya kikundi ya Kitengela ilianza kugawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo uzio umefuata uzio, hata wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi waliokuwa wakishuka tambarare za Athi na Kaputiei wakati wa mvua wamebanwa. Majirani zetu Wamaasai bado wanachunga kwenye vipande vilivyobaki, kando ya barabara, na kwenye ploti ambazo wenyewe hawajajenga. Kwao nyasi ni uhai. Mtu hushika nyasi mkononi kuomba amani. Na si wao tu. Wengi wetu tuna ng'ombe mmoja au wawili wa kufungiwa zizini, na nyasi tunazowalisha hukatwa kando ya barabara na kuletwa kwa mkokoteni au pikipiki. Anayezinunua hana njia ya kujua zimetoka wapi.

Nyasi iliyopulizwa glaifoseti hukaa kijani kwa siku kadhaa. Haina harufu ya kumwonya ng'ombe, wala rangi ya kumwonya mchungaji. Mtu mmoja anaweza kupuliza ploti yake Jumatatu, akarudi Nairobi, na Jumatano mifugo ya wengine ikaingia kwa sababu uzio una tundu. Hili tunalikataa. Kuanzia sasa, mwanachama atakayepuliza atafunga vitambaa vyekundu kwenye pembe zote za ploti, atawaarifu majirani wa pande zote na wachungaji anaowajua siku moja kabla, naye atahakikisha hakuna mnyama anayeingia wala nyasi inayokatwa hadi iwe imekauka kabisa, na kwa vyovyote si kabla ya wiki mbili. Lebo ikitaja muda mrefu zaidi, huo ndio utakaofuatwa. Hakuna atakayepuliza kando ya barabara ya umma. Nyasi za huko ni malisho ya watu wengi kuliko wanaokerwa nazo. Na tumejiwekea umbali wa mita 30 kutoka mtoni, bwawani na kwenye mifereji inayoingia huko, kwa sababu viambato vya kunatisha dawa kwenye jani vilivyomo katika baadhi ya michanganyiko ya glaifoseti huwadhuru samaki na vyura.

Sisi wa nchi hii tunajua sumu inavyoweza kuvuka mpaka wa shamba. Kabofurani ilinunuliwa dukani kama dawa ya wadudu, ikatumika kutega simba na kuua tai, hadi mtengenezaji akaiondoa katika soko la Kenya mwaka 2009. Glaifoseti si kabofurani, na hatutaki kuwatisha watu kwa kuzifananisha. Tunachotaka ni desturi ya kuuliza: nani mwingine atakula hapa?

Kuhusu afya ya binadamu, tunasema lililo wazi. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka huo huo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema haielekei kuwa hivyo, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10. Wanasayansi wakiwa hawajakubaliana, kibarua wa Kware asiwe ndiye wa kujaribiwa. Anayepuliza kila wiki kwa ujira wa siku, akiwa na kandambili na fulana, hupata dawa nyingi kuliko mlaji yeyote. Tunawataka wanaoajiri watoe buti, glavu, suruali ndefu, shati la mikono mirefu na miwani, na sabuni na maji baada ya kazi. Asiyeweza kununua hivyo hana uwezo wa kupuliza, achimbe.

Na kuchimba si adhabu. Katika kiangazi, sangari iliyong'olewa kwa jembe la uma, ikatikiswa udongo na kuanikwa juani, hukauka ikafa. Jembe la uma huinua shina zima; jembe la kawaida hulikata. Kwenye kitalu cha mita chache, siku mbili za kazi hiyo Februari zinashinda pampu yoyote. Kisha funika: sangari haipendi kivuli, na viazi vitamu au njahi zikishafunga ardhi huinyima nafasi. Tunaomba pia wakulima wasiitegemee dawa moja miaka yote. Magugu hujifunza: Australia ilipata nyasi ya kwanza isiyokufa kwa glaifoseti mwaka 1996, baada ya miaka mingi ya kupulizwa dawa ile ile.

Kwa wauzaji wa agroveti: acheni kupima dawa kwenye chupa za soda. Sheria ya kudhibiti viuatilifu, Sura ya 346, inataka dawa iwe imesajiliwa, imefungashwa na kuwekwa lebo inavyotakiwa. Chupa ya soda haina lebo, na mtoto hajui kusoma kimya cha chupa. Tumeletewa na mwanachama dawa aliyouziwa kama ya kuchagua, ikamuulia kitunguu chote. Duka hatulitaji hapa, lakini tutakuwa tunadai risiti yenye jina la dawa, jina la kiambato na namba ya usajili, na tutaihakiki kwa Bodi ya kudhibiti viuatilifu, PCPB. Mnunuzi ana haki hiyo chini ya Kifungu cha 46 cha Katiba.

Kwa Serikali ya Kaunti ya Kajiado: kilimo na ugani ni kazi yenu kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Tunaomba afisa wa ugani afike Kware kabla ya kila msimu, si baada ya hasara, na atufundishe kupima pampu, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai. Tunaomba mahali pa kukusanyia chupa tupu. Hapa maji hununuliwa kwa mtungi, na mtungi wowote unaoonekana mzuri huishia kubeba maji ya kunywa au maziwa. Hadi mtakapotupatia mahali hapo, wanachama watasuuza kila chupa mara tatu, watamimina suuzo ndani ya pampu, watatoboa chupa na kuzifungia kwenye gunia stoo ya chama. Hakuna itakayochomwa wala kutupwa korongoni.

Kwa wenye ploti wasioishi hapa: sangari yenu haituhusu hadi inapopita chini ya uzio, na dawa yenu inatuhusu tangu inapofunguliwa. Kabla hamjamtuma mtu na pampu, mpigieni jirani mliyepakana naye. Kama ploti haijengwi mwaka huu, mwachieni mfugaji ailishe. Nyasi itabaki fupi, nyoka hawatajificha, na hamtalipa senti.

Tamko hili linawafunga wanachama wote tangu siku ya kusomwa kwake. Mwanachama atakayepuliza bila kuarifu atalipia malisho ya mifugo iliyozuiwa kwa siku zote ambazo ploti imefungwa, na mfugaji atakayeingiza ng'ombe penye kitambaa chekundu hatakuwa na dai. Nakala zitapelekwa kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa ofisi ya kilimo ya kaunti na kwa kila agroveti, na tunaomba zibandikwe mlangoni, upande wa nje.